Mwaka Tuliokula Bila Chumvi

Zeyana alizikwa Jumatano, Mwanakwerekwe, nami nilibaki nyumbani kwake pamoja na wanawake wenzangu, juu ya mkeka, nimeegemea ukuta kwa sababu mgongo wangu siku hizi haukubali kukaa bila kuegemezwa. Aliyekuwa akisoma Qur'ani alikuwa na sauti nzuri, lakini mimi nilikuwa nimechoka, na uchovu wa uzee hauna adabu, hauchagui mahali. Binti yake mkubwa, Rahma, akaniletea kikombe cha chai ya tangawizi, akaniamkia, akakaa karibu yangu. "Bi Salha," akaninong'oneza, "ni kweli aliyokuwa akisema mama, kuwa wewe ulikuwa ukilala kazini huku macho kodo?" Wanawake wawili waliokuwa karibu wakacheka, kisha wakakumbuka wako msibani, wakajiziba midomo kwa ncha za kanga. Nikamwambia ni kweli. Nilipaswa kumweleza zaidi, maana mama yake ndiye aliyenishikilia mwaka ule nisianguke, na mara nyingine alinishikilia kwa mikono yake hasa, lakini sikuwa na pumzi. Nimerudi nyumbani na swali la Rahma limenikaa kifuani, na jibu lake naliandika hapa polepole, kama ninavyofanya kila kitu sasa.

Mwaka wenyewe ni wa sabini na moja. Habari za ukoo nitaziruka, kila mtu ana ukoo. Inatosha kusema kuwa nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa na Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu huko Mkunazini. Kuta zilikuwa nene na zenye unyevu, chokaa ikibanduka na kuangukia vitandani, na dirisha letu lilitazamana na dirisha la jirani kwa karibu sana hata ukikaanga samaki ulimjibu salamu bila kupandisha sauti. Jiko lilikuwa penye kituo cha ngazi, chini ya paa la bati. Mfereji ulikuwapo, lakini maji yake hayakufika juu. Kwa wapangaji wa chini yalitoka kwa nguvu, ghorofa ya kwanza yalisuasua, kwetu ukifungua bomba ulisikia mlio tu wa upepo. Kwa hiyo Mama Mkubwa alipandisha maji kwa ndoo kila asubuhi, akipumzika kila penye kona ya ngazi na kuwasema wanaokaa chini kwa sauti ya kutosha wao wasikie. Mchele mwaka ule ulikuwa wa mgao, unga wa mgao, sukari ya mgao, na tulishinda kwa mihogo, ndizi mbichi na dagaa, na tukipata mchele ulikuwa ni habari ya kumpelekea jirani.

Kazi yangu ilikuwa kwenye ubao wa simu wa ofisi moja ya serikali ambayo sina haja ya kuitaja. Tulikuwa wawili, mimi na Zeyana, katika chumba kidogo chenye feni mbovu. Mbele yetu ubao wenye matundu, kila tundu na namba yake, na kamba zenye ncha ya shaba. Simu ikiingia, unamsikiliza anamtaka nani, unachomeka kamba tundu linalohusika, unatoka. Hayo tu. Kazi haikutaka elimu kubwa, ilitaka akili iwe pale pale ulipo. Hapo ndipo palipoanza kuniuma. Nilikuwa nimetoka kuugua homa kali iliyonikondesha, nikarudi kazini kabla sijarudi mwilini, na tangu wakati huo kichwa changu kikawa hakinitii. Mtu akisema, "Nipatie idara ya miche," ningeyasikia maneno yote, moja moja, na yasiniambie kitu. Yalikuwa yakifika sikioni na kukaa hapo. Nilipokuja kuyafahamu, mwenyewe ameshakata simu au ameshatukana. Barua nilizisoma mstari mmoja mara tatu nne. Nilisahau jina la Zeyana mbele ya Zeyana, nikabakia kumtazama mdomo, naye akanifinya paja chini ya meza. "Rudi, Salha," akaniambia. "Umekwenda wapi tena?"

Kilichonitisha zaidi ni kwamba nikilala akili ilirudi. Ndiyo maana nilikuwa sina raha. Nikijinyoosha kitandani baada ya chakula cha mchana, namba zote za ubao zilinijia, na majina ya wakuu wa idara, na nyuso za watu, na hata aya nilizohifadhi chuoni nikiwa mdogo, safi kabisa. Nikiinuka tu, macho yananifunga giza, masikio yanavuma, na vyote vinaondoka. Sikuwa na namna ya kulieleza jambo hilo. Mwenda wazimu hapati akili kwa kulala chali. Nikaanza kuamini kuwa kuna kitu kinanichezea, na nikaogopa, tena nikaogopa sana, kwa sababu mtaani kwetu palikuwa na mwanamke aliyeanza kwa kusahau majina na akaishia kufungwa chumbani. Sikumwambia mtu. Nilijiambia nitasinzia kidogo zaidi, nitakula kidogo zaidi, yatapita.

Hayakupita. Siku moja nilisimama kwenye foleni ya mchele tangu asubuhi, jua likapanda, na nikaanguka. Nilipofumbua macho nilikuwa chini ya kivuli cha duka, watu wamenizunguka, na kabla sijakumbuka jina langu nilishasikia hukumu tatu. Mmoja alisema ni pepo. Wa pili alisema, "Pepo gani, mwangalieni alivyopauka, huyo ana mimba." Wa tatu, mzee wa kiume, alisema ni njaa tu na kwamba sote tutaanguka kwa zamu. Zeyana ndiye aliyenisindikiza nyumbani, akanipandisha ngazi akinishika kiuno, akiwajibu wote waliochungulia milangoni, "Hana kitu, kakosa chai."

Mama Mkubwa hakuniuliza kuhusu pepo wala mimba. Alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi, nazi nusu mkononi, akanitazama usoni kwa muda mrefu. "Ulishika kichwa kabla ya kuanguka?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Ukaona giza?" Ndiyo. Akaiweka nazi chini. Mumewe, mwaka mmoja kabla, alikuwa amesimama mlangoni pa chumba kile kile, akashika kichwa, akasema anaona giza, akaanguka, na kiharusi kikamchukua kabla ya alasiri. Watu walimwambia Mama Mkubwa baadaye kuwa ni damu iliyompanda kichwani, kwamba angepunguza chumvi angekuwa hai, kwamba angeumikwa pembe za chuku damu chafu ikatoka angekuwa hai. Walimwambia hayo wakati hayamfai kitu. Sasa akamwona mtoto wa mdogo wake anashika kichwa vile vile, na safari hii hakutaka kuchelewa. Ningekuwa mimi ndiye yeye ningefanya hivyo hivyo.

Basi akafanya yote aliyotamani kumfanyia mumewe. Alimleta bibi mmoja kutoka mitaa ya Ng'ambo, mumikaji mwenye pembe zake kwenye kikapu, akanichanja mgongoni na kuniumika, damu ikatoka na Mama Mkubwa akaitazama kwa furaha. "Ona ilivyo nyeusi," akasema. Alinipa kitunguu thomu kibichi asubuhi na jioni, na maji ya ndimu, na mchaichai bila sukari. Halafu akaweka nadhiri. Aliiweka mbele yangu, ameelekea kibla, mikono juu: kwamba yeye na mimi hatutatia chumvi kinywani mpaka Mwenyezi Mungu aniponye. Nilimwambia yeye hana haja ya kujitesa. Akasema, "Ntakupikia nini na mimi nile nini? Mkono wangu ukizoea chumvi utakutilia bila kujua." Akampa jirani kopo letu la chumvi kupitia dirishani, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa haina ladha. Muhogo wa nazi usio na chumvi unakwama kooni. Samaki ana harufu tu. Mchuzi ni maji ya rangi. Nilikula kwa sababu alikaa mbele yangu akinitazama, na kwa sababu nilimpenda.

Nikazidi kuharibika. Kila nilipozidi, Mama Mkubwa alimwita tena bibi wa pembe. Ofisini Zeyana alikuwa akifanya kazi ya watu wawili, akinyoosha mkono mbele ya kifua changu kuchomoa kamba nilizochomeka vibaya. Lakini mtu hawezi kuwa macho ya mwenzake siku nzima. Siku moja alipokwenda kuswali adhuhuri, ilipigwa simu kutoka Kizimbani, fundi wa vitalu vya mikarafuu anamtaka bwana wa miche, nami nikamchomeka kwa mkubwa mmoja ambaye hata wakubwa wengine walimwogopa. Yule fundi, bila kujua anasema na nani, akaanza kulalamika kwa sauti ya shamba: panya wamemaliza miche, ameomba dawa tangu mwezi jana, na huko mjini hakuna kazi ila kunywa kahawa. Nilikuwa nikimsikia. Nilijua pana kosa mahali. Sikuweza kulipata lilipo.

Msimamizi wetu, Bwana Msellem, aliniita chumbani kwake na kufunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na wakati ule karibu sote tulikuwa hivyo. "Bi Salha," akasema, "mwaka huu hakuna kosa. Kuna hujuma. Nimemwambia mkubwa wewe mgonjwa. Sasa nenda hospitali uniletee maandishi ya daktari kuwa u mgonjwa kweli." Nikamuuliza, kama daktari akisema mimi mzima? Akatazama dirishani. "Basi mimi siwezi kukusaidia." Nikamuuliza tena, na akisema akili yangu ndiyo mbovu? "Basi huwezi kukaa kwenye simu," akajibu, na nikaona ananionea huruma. Nilitoka na mtego wangu mkononi: nikiwa mzima, mimi adui, nikiwa mwenda wazimu, mimi wa kufungiwa chumbani. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikalia, na Zeyana akakaa kando yangu bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa la taabu.

Hospitali tulikwenda pamoja. Daktari alikuwa mwanamke wa Kichina, mfupi, mwenye mikono baridi, na kando yake mkalimani, bwana wa makamo aliyevaa kofia ya kiua iliyofuliwa vizuri. Nilimweleza yote, na lile la kulala nililisema mwisho, kwa aibu, nikitazama sakafu. Daktari alipotafsiriwa hilo, akainua kichwa. Akanilaza, akanifunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza. Kisha akataka nihesabu kutoka mia nikirudi nyuma, nikiondoa tatu tatu. Nikahesabu, mia, tisini na saba, tisini na nne, nikashuka mpaka chini bila kukwama. Akanisimamisha, akaningojesha nimesimama, akanipima tena, akataka nihesabu vile vile. Nikasema mia. Nikasema tisini na saba. Halafu nikawa natazama kifungo cha koti lake. Nilikuwa najua kuwa kuna kitu nimeombwa nikifanye. Zeyana alinidaka kabla magoti hayajaniacha.

Walisema kwa lugha yao kwa muda, kisha mkalimani akavuta kiti. "Wakaa wapi, binti?" Nikamwambia Mkunazini, ghorofa ya tatu. "Maji yenu yanafika juu?" Nikasema hayafiki. "Tatizo ni mfereji?" Nikasema mfereji mzima, ni maji hayana nguvu ya kupanda. Akatabasamu. "Daktari anasema damu yako nayo ni hivyo. Haina nguvu ya kupanda. Ukilala, kichwa na moyo viko sawa, kichwa kinapata. Ukisimama, kichwa ndiyo ghorofa ya tatu. Na ubongo bila damu ya kutosha haufanyi kazi yake, hausikilizi, hauoni kilicho mbele yake. Akili yako nzima. Ina kiu." Akaniuliza nakula nini. Nilipotaja thomu, ndimu, pembe na chumvi tuliyoiacha, akamtafsiria daktari taratibu, na yule mama akaweka kalamu chini akafumba macho kidogo. Kisha akatoa amri: chumvi nirudie, maji mengi, supu nikipata, kuumikwa basi kabisa, na nikiinuka niinuke kwa awamu, nikae kwanza, nishike ukuta, ningoje. Siku hizi kila duka la dawa lina mashine, na vijana wanasema "presha imeshuka" kama wanavyosema mvua imenyesha. Mimi nilikuwa sijapata kusikia kuwa damu inaweza kushuka. Nilijua inapanda tu na kuua watu milangoni.

Lililobaki lilikuwa zito kuliko hospitali. Nilimkuta Mama Mkubwa jikoni anapuliza kuni. Nikamwamkia, nikakaa kwanza, nikamweleza kama nilivyoelezwa, na mfereji na ghorofa na yote. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. "Kwa hivyo mie nlikuwa nnakufungia maji," akasema. Nikamwambia hapana, alikuwa ananitibu kwa alichokijua. Usoni pake niliona hesabu mbili zinapigana: mumewe aliyeanguka kwa damu kupanda, na nadhiri aliyoiweka kwa Mola wake. Nilikuwa sijapona, na nadhiri ilisema mpaka nipone. Akajifunga kanga, akashuka kwenda kwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani mtaa wa pili, na nilimsikia akipanda kurudi, kona kwa kona. "Kasema nivunje," akaniambia. "Nilishe masikini kumi, na nisipoweza nifunge siku tatu. Masikini kumi ntawalisha nini mwaka huu, na masikini wenyewe ni sisi? Ntafunga." Akaenda dirishani, akamgongea jirani, akaomba chumvi. Alirudi na konzi moja mkononi. Alitia kwenye chungu changu, akasimama kunitazama nikimeza, na nilijua anangoja nianguke. Sikuanguka. Ladha ilipofika ulimini nililia, na yeye akalia, kisha akanikemea kwa kumliza wakati wa magharibi.

Bwana Msellem aliyasoma maandishi ya daktari mara mbili. "Kwa hiyo hujuma imefanywa na damu," akasema. Zeyana akadakia, "Ndiyo, bwana, na tumeshaikamata." Bwana Msellem akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaniruhusu kuwekewa kibao cha kupandisha miguu na chupa ya maji yenye chumvi na ndimu. Akili haikurudi kwa siku moja. Ilirudi kama mtu anayehamia nyumba, leo kitu hiki, kesho kile. Kwanza namba. Kisha sauti za watu, nikawa namjua mpigaji kabla hajajitaja. Kisha nikaweza kusoma barua ndefu na kuimaliza nikiwa bado najua mwanzo wake. Wiki chache baadaye nilikuwa nachomeka kamba na kupiga soga kwa wakati mmoja, na Zeyana akasema afadhali nilipokuwa mgonjwa, alikuwa anasema peke yake bila kukatizwa.

Ilikuwa mchana mmoja wa siku hizo, nimerudi kutoka kazini, Mama Mkubwa ameniwekea sahani ya wali na mchuzi wa changu. Nilikula matonge mawili, kisha nikainua uso. Alikuwa amekaa mbele yangu kama siku zote, bila sahani. "Mbona huli?" nikamuuliza. "Nshakula, mwanangu." Huenda alinijibu hivyo kila siku mwaka ule mzima, mimi sikumbuki hata mara moja. Lakini siku hiyo nilikuwa na akili yangu, nikatazama. Sufuria ilikuwa ndogo, ya kutosha sahani moja. Ukoko umekwanguliwa wote, uko kwangu. Pembeni, chini ya kawa, palikuwa na vipande viwili vya muhogo wa jana. Mabega yake yalikuwa yametokeza kwenye kanga, na kanga yenyewe ilimzunguka mara mbili. Nikajua mchele wa mgao wa watu wawili ulikuwa ukienda wapi.

Akaona namtazama, hakupenda. Akainuka kwenda kunichotea maji. Alipofika wima akaushika ukuta, akafumba macho, akasimama pale akingoja, bila kuyumba, kama mtu aliyekwisha zoea. Daktari alinifundisha mimi kufanya vile. Yeye hakufundishwa na mtu.

"Mama Mkubwa," nikasema, "tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Giza hilo."

Akafumbua macho. "Uzee tu," akasema. Alikuwa hajatimiza hamsini.

Nikaisogeza sahani katikati yetu, nikauondoa mkono wangu, nikakaa bila kula mpaka aliporudi, akakaa chini, akatia wake.